Kifungu cha Tisa

Mkurugenzi wa Ufadhili ameliambia gazeti kwamba hanifahamu. "Huyo mama simjui," kasema. Mimi namjua tangu alipokuwa karani wa hospitali mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati: mbili za bluu, moja nyekundu, na moja isiyoandika. Sisi madobi tulimwita Kalamu Nne. Nami hapa nitamwita hivyohivyo, maana cheo amekipata juzi na hilo jina anastahili kuzeeka nalo.

Nianze pale alipotufundisha kusoma.

Miaka ishirini na sita iliyopita, chumba cha kufulia cha hospitali kiligoma. Mashine ya kukamulia ilikuwa imemla mwenzetu vidole viwili, nasi tukasema hatugusi shuka mpaka iwekwe kifuniko na tupewe glavu. Siku kumi na moja. Mashuka machafu yalirundikana mpaka usawa wa madirisha, madaktari wakaanza kupita upande wa pili wa jengo wameziba pua. Siku ya kumi na moja wakubwa wakakubali. Wakamtuma Kalamu Nne atusomee makubaliano, kwa sababu wakati ule wengi wetu tulisoma kwa kufuata kidole, na wengine hata kidole hakikujua kinakwenda wapi. Akapanda juu ya toroli, akasoma kwa sauti laini kama anasoma barua ya posa. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Halafu cha nane. Tukapiga makofi. Tukatia sahihi, wengine dole gumba.

Mwezi uliofuata tukaambiwa kwamba kwa mujibu wa kifungu cha saba, kila aliyegoma amehesabiwa kuwa ameajiriwa upya. Dada yangu alikuwa na miaka tisa kazini. Akaamka asubuhi hiyo ana siku moja.

Hakulia. Dada yangu si mtu wa kelele. Kelele zote za ukoo wetu nilipewa mimi. Lakini toka siku ile chumba chetu kina utaratibu wake. Karatasi yoyote inayotaka sahihi inasomwa kwanza kwa sauti, kwa kusimama, na asiisome yule aliyeileta. Kifungu kikiisha, msomaji ananyamaza, nasi tunaitikia: "Tumesikia." Hatujasema tumekubali. Tumesikia tu, ili kesho mtu asije akasema hatukuwapo. Tumesoma hivyo fomu za likizo, risiti za sabuni, na siku moja kadi ya mwaliko wa harusi, mpaka bwana harusi akanuna akafikiri tunamfanyia dhihaka.

Mimi shule niliishia darasa la sita. Yaliyobaki nimeyapata kwenye magazeti yanayosahauliwa wodini, yanayotujia yamefungwa ndani ya mashuka. Nimesoma habari za mabunge na mikataba ya dunia zikiwa na madoa ambayo sitayaeleza. Nikipenda habari, naianika.

Binti wa dada yangu alikulia humo. Akitoka shule anakaa juu ya rundo la mablanketi anafanya hesabu zake, na kwa kuwa alisoma vizuri kuliko sisi wote, alipofika miaka kumi na mbili tulimpa kazi ya msomaji. Tulimwita Balozi, kwa sababu watu wa pasi na watu wa kukunja wakigombana yeye ndiye anatumwa. Jina likamnogea. Akamaliza kidato cha sita, akaanza kuandikia vyuo vya ng'ambo, na mwaka juzi kimoja kikamjibu: karibu, njoo usomee siasa na uhusiano wa kimataifa, miaka mitatu.

Barua ile aliisoma mara nne. Mzee Boila, anayewasha mitambo ya mvuke, alidai irudiwe kwa sababu hakusikia, na ni kweli, mashine zilishamla masikio siku nyingi.

"Siasa nayo inasomewa?" jirani yetu mmoja alimcheka. "Hawa wa kwetu wamesomea wapi?"

"Ndiyo maana naenda, jirani," Balozi akamjibu. "Nikaone waliruka ukurasa gani."

Nafasi alikuwa nayo. Kilichobaki ni nani wa kumgharimia. Akaomba ufadhili wa serikali, akafanya mtihani, akafanya usaili, na katika mamia wakachaguliwa saba. Balozi wa nne kwenye orodha. Chini ya orodha kulikuwa na sahihi ya Mkurugenzi, na mimi nilipoliona lile jina niliweka pasi chini ili nisiunguze koti la daktari.

Dada akaniona usoni. Alikuwa anakunja foronya.

"Mdogo wangu, nakuomba kitu kimoja."

"Sema, dada."

"Siku ya kutia sahihi, usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme. Basi. Hata ukisalimiwa, itikia kwa kichwa."

"Lakini ni yuleyule! Yule wa kifungu cha—"

"Najua ni nani. Miaka tisa ni yangu, si yako. Mtoto aende. Akishaenda, sema mpaka koo likauke."

Nikaapa. Niliapa kwa shingo upande, lakini niliapa.

Tulikwenda wanane kutoka chumba cha kufulia, tumebadilishana zamu, nguo zetu zimenyooka kuliko za mawaziri, maana kupiga pasi ndiyo kazi yetu. Ukumbi ulikuwa na viti vyekundu ambavyo bado vilikuwa na nailoni ya dukani. Tukapewa safu ya tano. Wanafunzi saba walikaa mbele, kila mmoja ana jalada magotini. Aliyekaa karibu na Balozi alikuwa kijana mrefu mwenye miwani mizito, anasomea mambo hayohayo. Mama yake alikaa upande wa pili na mkoba mkubwa kama sanduku la safari.

Kalamu Nne akapanda jukwaani. Amenenepa, amekuwa na kidevu cha pili. Siku hizi ana kalamu moja tu, rangi ya dhahabu. Alitupitishia macho safu kwa safu, na kwangu hayakusimama.

"Vijana wetu," akaanza, sauti ileile ya barua ya posa, "mnakwenda kuisomea dunia. Ninyi ni sauti ya nchi hii. Mkasimame huko, mkaseme bila woga!"

Makofi. Na mimi nilipiga, mikono yangu ni shahidi.

"Mkataba una kurasa saba. Sahihi ni ukurasa wa mwisho, penye kibandiko cha njano. Kurasa za mbele zisiwasumbue, wanasheria wetu wameshasumbuka kwa niaba yenu."

Watu wakacheka. Mwanafunzi wa kwanza akatia sahihi, picha ikapigwa. Wa pili. Wa tatu. Balozi akaitwa, akasogea mezani, akafunua moja kwa moja kibandiko cha njano kama wenzake. Akashika kalamu. Nikaona mkono wake unakwenda, na ulimi wangu nimeuuma mpaka nasikia ladha ya chuma.

Sauti ikatoka pembeni yangu. Sikuitambua, kwa sababu sijawahi kuisikia ikitoka kwa nguvu hiyo.

"Mwanangu. Isome."

Dada yangu alikuwa amesimama.

Kalamu Nne akatabasamu. "Mama, usiwe na shaka. Atapewa nakala akaisome nyumbani."

"Nyumbani atazisomea kuta? Aisome hapa, aliyeileta yupo."

Balozi alimwangalia mama yake, halafu akafanya alivyofanya maisha yake yote akishika karatasi. Akasimama wima, akaipandisha mpaka usawa wa kifua, akasoma.

"Kifungu cha kwanza. Mnufaika ataripoti chuoni katika muda wa siku saba tangu kuwasili." Akanyamaza.

Sasa, sikilizeni. Hatukupanga. Watu waliandika kwamba tulipanga njama, lakini waliokula njama hawamchukui Mzee Boila. Ni mazoea tu, kama mtu anavyosema "karibu" mlango ukigongwa. Msomaji alinyamaza, na safu ya tano ikaitikia:

"Tumesikia!"

Mzee Boila akachelewa kidogo, akaitikia peke yake, na akaitikia kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mtambo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mpiga picha akageuka. Balozi mwenyewe midomo ilimcheza, lakini hakusimama. Kifungu cha pili, tiketi. Tumesikia. Cha tatu, bima ya afya. Tumesikia. Kalamu Nne anagonga meza kwa kidole, anasema "binti, muda, binti", lakini watu walishaanza kunogewa, na kufikia cha sita wazazi wengine nao walikuwa wanaitikia nasi. Ni jambo tamu, kusikia. Watu hawajui mpaka waonje.

"Kifungu cha tisa. Kwa muda wote wa masomo, na kwa miaka mitano baada ya kurejea, mnufaika hatazungumza hadharani, hataandika wala kuchapisha maoni yoyote kuhusu mambo ya siasa ya nchi yake au ya nchi nyingine. Aidha, kila baada ya miezi mitatu atawasilisha ubalozini taarifa ya siri kuhusu mazungumzo na mienendo ya wanafunzi wenzake."

Akanyamaza. Safu ya tano ilikuwa kimya. Kisha upande wa pili yule mama wa mkoba mkubwa akasema polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani:

"Tumesikia."

Kijana wa miwani akamgeukia mwanafunzi wa kwanza aliyetia sahihi, na huyo akasogeza kiti chake mbali. Tayari. Kwa kalamu moja walikuwa wameshageuzwa majasusi wao kwa wao, na ndege bado haijaruka.

"Samahani, Mkurugenzi," Balozi akasema. "Mimi nakwenda kusomea siasa. Siku ya kwanza mwalimu akiniuliza serikali ni nini, nijibu, au aningoje miaka minane?"

Ukumbi ukalipuka. Kalamu Nne akainua mkono.

"Hicho kifungu ni utaratibu tu, binti yangu. Hakijawahi kutumika."

"Kama hakitumiki, tukikate."

"Hakikatwi."

"Basi kinatumika."

Akainamia meza. Akapiga mstari mmoja kwenye kifungu cha tisa, mstari mwembamba, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka, vile tulivyomfundisha. Akaweka jina lake pembeni ya mstari. Akasoma vifungu vilivyobaki, vyote, tukaitikia vyote, ndipo akatia sahihi yake penye kibandiko cha njano na kumpa.

"Umeharibu hati ya serikali," Kalamu Nne akasema. Sauti ya posa ilikuwa imekwisha.

Mimi nilikuwa nimeapa kutosema, na sikusema. Nilisimama tu. Macho yake yakanijia, safari hii yakasimama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati kupapasa kalamu ambazo hazipo tena. Hanifahamu, eti.

Kijana wa miwani akanyanyuka. "Na mimi naomba kusoma wa kwangu," akasema.

Shughuli ikaahirishwa. Juisi iliyokuwa imepangwa mezani hatukuionja.

Wiki mbili baadaye dada na bintiye wakaitwa ofisini. Nikawasindikiza. Nikaambiwa nisubiri kwenye benchi la nje, mlango wa mbao nyembamba ukiwa nusu wazi, na katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mama mwenye huruma, akajifanya hanioni.

Kalamu Nne alikuwa mpole sana siku hiyo. Alisema wale wengine watatu nao wamegoma kutia sahihi, na watatu waliotia wanadai karatasi zao zirudishwe. Vyuo vinapiga simu. Wakubwa wameamua mkataba uchapwe upya, bila kifungu cha tisa. Nikasikia pumzi ya dada ikishuka.

"Ila kwako, binti, kuna jambo dogo. Ulileta fujo mbele ya kamera. Tunahitaji barua fupi ya kuomba radhi. Nimekuandalia, usihangaike kuandika."

Nikasikia karatasi ikichukuliwa mezani. Kisha Balozi akasoma, kwa sauti kama kawaida.

"Mimi niliyetaja jina hapo juu nakiri kwamba siku ya tukio nilichochewa na mama yangu mdogo, dobi wa hospitali, mtu mwenye historia ndefu ya uchochezi kazini, na kwamba..."

Hapo penye dobi yalikuwapo majina yangu, matatu yote, na la babu. Mtu asiyenifahamu aliyaandika bila kukosea herufi.

Nilisukuma mlango. Kiapo kilikuwa cha siku ile tu.

"Tia sahihi," nikamwambia mtoto.

"Mama mdogo!"

"Tia. Nichongee. Mimi nimeshachongewa na watu wenye videvu vitatu, huyu ana viwili. Watanifanya nini, wanitoe kwenye mvuke? Nafasi kama hii nimeiota mimi kabla hujazaliwa. Mimi niliyesomea magazeti yenye damu! Wewe ukasome vitabu visafi, urudi uwaumbue kwa lugha tano. Tia hiyo sahihi twende zetu."

Nilimaanisha. Naandika hapa mtu asije akadhani nilikuwa najitia ushujaa. Nilitaka aende kuliko nilivyotaka kubaki na jina.

"Unaona," Kalamu Nne akasema, "hata mwenyewe anakubali."

Balozi akaiweka ile karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja kama foronya.

"Tatizo si ubaya wake, Mkurugenzi. Tatizo ni kwamba si kweli. Mama mdogo siku ile hakufungua mdomo. Waliomjua walishangaa."

"Tena hakuna aliyemchochea," dada yangu akadakia. Alikuwa amekaa na mkoba magotini, miguu pamoja, kama mtu anayengoja dawa. "Nilimwamuru mimi. Ukitaka jina, andika langu. Unalo toka zamani, liko kwenye karatasi ya kifungu cha saba, karibu na mwisho, sahihi imepinda. Wewe ndiye uliyenishikia karatasi isipeperuke."

Kalamu Nne akamtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta sura ya miaka ile chini ya sura hii. Halafu akaifunga faili.

"Bila barua, hakuna ufadhili."

"Tumesikia," akasema Balozi.

Wakaenda sita. Wakaenda na mkataba usio na kifungu cha tisa, ndimi zao wenyewe vinywani mwao, na yule aliyewafungua vinywa akabaki anapanga mashuka ya wodi ya wazazi. Walioniambia "umemponza mtoto" ni wengi. Baadhi ni ndugu. Siku nne nilikuwa siwezi kumtazama dada. Siku ya tano akanirushia taulo usoni, akasema, "Unanuna kwenye msiba wangu? Huna kazi?"

Chuo kilikuwa muungwana kuliko ofisi. Balozi aliwaandikia ukweli wote, akaambatanisha nakala ya mkataba uliokatwa, wakajibu kwamba nafasi yake wataitunza mwaka mmoja. Na kijana wa miwani, kila Ijumaa, anamtumia orodha ya vitabu na swali la juma. Balozi analisoma mbele ya rola za pasi. Swali la juma la kwanza lilikuwa: dola ni nani? Watu wa kukunja walisema dola ni yule anayeweza kukufanya uanze upya. Watu wa pasi walikataa. Tuligombana mpaka foronya mbili zikaungua, na Balozi akaandika hoja zote, za pande mbili, akazituma. Kijana akajibu kwamba mwalimu wao ameuliza hiyo hoja ya kuanza upya imetoka kwenye kitabu gani.

Jumanne iliyopita dirisha la ufadhili lilifunguliwa tena kwa mwaka huu. Kalamu Nne bado anakaa ghorofani. Tulipanga foleni toka asubuhi, Balozi, dada na mimi. Fomu ina kurasa mbili, akazisoma, tukaitikia kwa sauti ya chini kwa sababu watu walikuwa wengi. Ukurasa wa pili una swali: umewahi kunyimwa ufadhili huu? Kama ndiyo, eleza sababu. Chini wameacha nafasi ya mstari mmoja.

Karani wa dirishani, msichana wa rika lake, akainama kwenye tundu la kioo.

"Dada, andika sababu za kifamilia. Wote wanaandika hivyo. Utapita."

"Asante, dada," Balozi akamwambia. "Una karatasi za ziada?"

"Za nini?"

"Mstari mmoja haunitoshi."

Msichana alitazama nyuma yake, kwenye ngazi za kwenda ghorofani. Kisha akafungua droo, akapitisha karatasi tatu kwenye tundu, akafikiri, akaongeza ya nne. Balozi akasogea pembeni ili foleni iendelee, akaziegemeza ukutani, akaanza kuandika: kwanza tarehe.